Mbegu za Mama Chini ya Taa Nyekundu

Watu waliniambia hasira hasara. Waliniambia hivyo siku ya arobaini ya mama, uani kwetu Munje, nikiwa nimesimama mbele ya pipa la buluu, nimelifungua kifuniko na harufu imenipanda puani. Nikawajibu kwamba hasara tayari ninayo, imo humu ndani ya pipa, kwa hivyo niachieni hasira yangu maana sina kingine nilichobakiwa nacho. Shangazi yangu mmoja akasema, "Astaghfirullah, mwanangu, kaburi la mama yako bado bichi." Nikamwambia kaburi ni bichi na mahindi nayo ni mabichi, tazama mwenyewe. Akatazama, akafunika pua kwa mtandio, akaenda zake kuosha vyombo vya hitima.

Ndani ya pipa lile mlikuwa na mbegu za mama. Ni mahindi yetu ya kienyeji, yale tunayoyaita mdzihana, meupe, magumu, yenye punje ndogo, yanayovumilia mvua ikinyesha kidogo ikakata. Dukani hayauzwi. Bibi alimpa mama siku alipoolewa, na mama akayapanda kila masika, na kila mavuno aliyachagua yaliyo mazuri akayaweka kando, na hayo hayakuguswa hata mwaka tuliolala na uji mtupu. Zamani kila nyumba ilikuwa nayo. Kisha mvua zikakosekana misimu kadhaa mfululizo na watu wakala mbegu zao. Simlaumu mtu kwa hilo, mtoto akilia njaa huwezi kumwambia asubiri masika. Baadaye walipanda za dukani na za msaada, na mdzihana ukabaki kwa mama peke yake. Zikifa hizi umekwisha, na hakuna mlango wa kwenda kubisha hodi tukaombe nyingine.

Miaka yote hiyo mbegu zilikaa jikoni. Jiko la mama lilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba, mafiga matatu chini na uchaga juu yake, na mahindi ya mbegu yakining'inia uchagani pamoja na maganda yake, yamefungwa mawili mawili. Moshi uliyapiga kutwa hadi yakawa meusi kama tako la sufuria. Dumuzi, mdudu mla nafaka, hakuthubutu kuyasogelea. Siku ya kupanda mama aliyamenya, akajipaka masizi hadi viwikoni, na ndani punje zilikuwa nyeupe pe.

Ndugu yangu mdogo ndiye aliyelibomoa jiko hilo.

Yeye ni mpishi mkuu katika hoteli moja ya Diani. Ni mtu mwema, na hili nalisema mapema ili nisije nikalisahau nikiendelea. Alimpenda mama kuliko macho yake. Mama alikuwa na kifua, akikohoa usiku nyumba nzima huamka, na daktari wa hospitali alishasema ni moshi. Basi ndugu yangu akashusha makuti, akang'oa uchaga, akayatupa mafiga nyuma ya choo, na pale pale akamjengea mama jiko la matofali lenye vigae vyeupe, meza ya kukatia na gesi ya mitungi miwili. Ungedhani ni pale kwao hotelini. Mbegu alizipukuchua, akazitia katika pipa la buluu la plastiki lililokuja hotelini na zeituni, akakaza kifuniko hata hewa isipite, akaliweka stoo chini ya mabati. Mabati ya Munje, jua la Munje. Mahindi yenyewe yalikuwa yametoka shambani juzi, hayajakauka sawasawa.

Mimi sikujua. Naishi Ukunda kwa sababu ya kazi, na nilipokuja nyumbani nilikuta mama amelazwa hospitali na jiko limeshakuwa vigae. Nilimuuliza mama mbegu ziko wapi, akaniambia ziko stoo, ziko salama, nisihangaike. Nikadhani zimetundikwa. Nani angewaza kwamba mtu atachukua mahindi yenye unyevu akayafungia kwenye plastiki kama achari?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kazi yangu mimi ni kuangalia mbegu. Nafanya kazi katika kituo kidogo cha utafiti huko huko Ukunda, ninashughulika na mashine moja ambayo watu wakiiona mara ya kwanza hudhani ni ya kupimia macho. Ina taa ya leza, nyekundu, ina kamera juu yake, na waya unaokwenda kwenye kompyuta. Unaweka punje chini ya ile taa katika chumba cha giza. Mwanga wa leza ukiangukia kitu haufanyi doa moja safi kama kurunzi, hufanya vijidoa vidogo vidogo, kama mchanga uliomwagwa juu ya punje. Punje ikiwa hai, ndani yake mna vitu vinatembea, maji yanapita, chembe zinasogea, basi vile vijidoa havitulii. Vinachemka kama uji unaoanza kushika moto. Punje ikiwa imekufa vijidoa vinakaa kimya, vimeganda. Jicho peke yake hudanganyika, kwa hivyo kamera inapiga picha nyingi mfululizo na kompyuta inalinganisha, halafu inapaka rangi: palipo na uhai pekundu, palipotulia buluu.

Jambo moja tu. Mbegu kavu imelala. Ukiiweka chini ya taa ikiwa kavu, iliyo hai na iliyokufa zote ni buluu, huwezi kuzitenga. Lazima kwanza inywe maji, toka jioni mpaka asubuhi, ndipo iamke taa iione. Na ikishaamka hairudi kulala. Hutaikausha ukairudisha kwenye mkebe ungoje mvua. Ama unaipanda, ama unaitupa. Ndiyo maana huwa tunapima chache, nyingine zinabaki kavu.

Mama aliwahi kuiona mashine hiyo. Ilikuwa mara tu baada ya mavuno yake ya mwisho, alikuwa anakwenda hospitali kwa ajili ya kifua, akapitia kazini kwangu. Nilimketisha kwenye kiti cha daktari, bosi wangu, ambaye siku hiyo hakuwapo. Nikamwekea punje ya kunde iliyolowa. Akakitazama kioo cha kompyuta, vijidoa vinachemka, akasema polepole, "Subhanallah. Kumbe zinahema." Nikamwekea nyingine iliyokufa. Akaitazama muda mrefu zaidi. Kisha akaniuliza, "Basi wewe huwezi kupoteza mbegu tena?" Mimi nikacheka, nikamwambia siwezi mama, hii taa haidanganywi. Alipotoka pale aliwatangazia watu wote aliokutana nao kwamba binti yake ana taa ya kuona kama mbegu ina uhai. Mpaka kwenye foleni ya dawa aliwaambia.

Sasa turudi kwenye pipa. Nilitia mkono ndani, punje zilikuwa na joto kama mtu mwenye homa. Za juu zilikuwa na ukungu wa kijani, za chini zimeshikana madonge. Nikamwita ndugu yangu. Akaja na kanzu yake ya hitima, akachungulia.

"Mbona nilifunga vizuri," akasema. "Hata panya hakuingia."

"Na hewa pia haikuingia."

"Dada, usijitie presha. Mbegu zi tele pale Kombani, nitakuletea mfuko mzuri, za kisasa."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika hapa, na mengine nayaandika: kwamba yeye ni mtu wa kuondoa jiko lililohifadhi mbegu kabla yeye hajazaliwa akaweka vigae vya kupigia picha, kwamba za Kombani utazipanda mwaka huu na mwakani urudi dukani tena, kwamba mama hakulala njaa ili yeye aje azichovye kama zeituni. Watu wa hitima wakaacha kula. Ndugu yangu hakujibu. Hiyo nayo ilinikasirisha, maana mtu ukimgombeza akanyamaza, unabaki unapigana na upepo.

Nilipopoa kidogo, si kupoa, nilipopata pumzi, nikaona kwamba huenda zote hazijafa. Zilizo katikati ya pipa zilikuwa na sura nzuri. Nikamwambia, bila kumtazama usoni: "Nitaongea na daktari. Jumamosi asubuhi niletee kazini kiganja kimoja, utoe katikati ya pipa. Kiloweke toka jioni. Zilizobaki zianike kivulini." Akasema haya dada. Alitaka sana kuambiwa la kufanya.

Jumamosi nikamwona anaingia getini na sufuria kubwa ya hotelini, ile ya kupikia wali wa harusi, ameibeba kwa mikono miwili na jasho linamtoka. Daktari alikuwa amesimama nami. Ndugu yangu akasema, "Shikamoo dada." Sikuitikia. Kwetu kunyima mtu marahaba si jambo dogo, naye alijua, lakini nilikuwa nimekwisha kuyaona maji yanacheza ndani ya sufuria.

"Umeleta nini?"

"Mbegu."

"Nilikwambia kiganja."

"Dada, nitaendaje kwa watu na kiganja?" Alisema kwa sauti ya chini ili daktari asisikie. "Nionekane mchoyo? Nimeziloweka zote, daktari achague mwenyewe azipendazo. Nimetia maji ya vuguvugu, kama ninavyoloweka mbaazi."

Zote. Mbegu zote za mama, za mwisho duniani, zimeloweshwa katikati ya kiangazi, jua la Januari linapasua ardhi na masika iko mbali huko. Nilikaa kwenye ngazi. Huyu ndugu yangu amelelewa na mama yule yule aliyenilea mimi, na mama alitufundisha kwamba ukienda kwa mtu huendi na kitu cha kuonea haya, afadhali usiende. Akipeleka wali kwa jirani hupakua mpaka sahani ifurike. Basi huyu kayashika mafundisho, kayapeleka mahali pasipohitaji. Maji yakimwagika hayazoleki, na mbegu ikishakunywa haitapiki.

Daktari alichungulia sufuria akafurahi. Yeye ni mtu wa bara, kijana kuliko mimi, amesoma mpaka mwisho, na furaha yake haina adabu. "Hii ni sampuli poa sana, madam," akasema. "Mchanganyiko wa zilizokufa na zilizo hai. Ukitafuta hii huwezi pata."

Ndugu yangu akauliza, si tuzifunike kwa gunia lenye maji tungoje tuone zipi zitachipua? Swali lake lilikuwa la maana, na mimi nikalijibu kwa ukali kama vile ni la kijinga. Maji ya sufuria yalikuwa yameshaanza kunuka uchachu. Zilizokufa zilikuwa zinaoza, na tukingoja siku tatu zitaoza zote. Samaki mmoja akioza huoza wote, hata mpishi wa hoteli anajua hilo. Ilibidi tuzitenge siku ile ile.

Kwanza tuliziosha na kutupa zenye ukungu na zilizopasuka. Nyingi zilikwenda hapo. Zilizobaki nikazipanga kwenye sinia nyeusi, safu kwa safu, nikaingiza sinia ya kwanza chumba cha giza. Meza ya mle ndani ni ya zege, imejengwa peke yake haigusi ukuta, kwa sababu lori likipita barabarani chumba hutikisika na mtikisiko wowote unaharibu picha. Tunazima feni, hatutembei. Tulisimama watatu, daktari kwenye kompyuta, ndugu yangu mlangoni, mimi mezani. Nikawasha taa.

Sinia nzima ilichemka. Kila punje kwenye kioo ilikuwa inameremeta na kucheza, hakuna iliyotulia. Ndugu yangu akasema kwa sauti, "Zi hai. Dada, zote zi hai," na sauti yake ilipasuka katikati.

Daktari akasema, "Madam, toa mikono kwa meza."

Nilikuwa nimeegemea meza kwa mikono yote miwili, natetemeka. Toka asubuhi nilikuwa natetemeka kwa hasira na sikujua, na ule mtetemo ulikuwa unapita kwenye zege mpaka kwenye sinia. Nilichokuwa nakiona kwenye kioo ni hasira yangu mwenyewe. Nikatoa mikono nikarudi nyuma, nikaificha ndani ya buibui. Vile vijidoa vikapunguza mwendo, vikasimama. Punje moja, mbili, kule pembeni, ziliendelea kuchemka polepole. Nyingine zote zilikaa kimya.

Sikumtazama ndugu yangu. Nilimsikia akitoka nje.

Tulifanya kazi mpaka alasiri ikapita. Sinia inaingia, kompyuta inapaka buluu, buluu, buluu, hapa na pale punje nyekundu kwenye kiini, na mimi naiokota kwa kibano naiweka kwenye kitambaa chenye maji. Kati ya sinia na sinia nilitoka nje kuvuta pumzi ili mikono itulie. Ndugu yangu alikuwa anakaa chini ya mti wa maegesho, anaosha, anapanga, ananipa sinia nyingine. Mpishi yule ana mikono mizuri, sikatai, safu zake zilinyooka kuliko zangu.

Mwisho wake, sufuria ya wali wa harusi ilitoa kiganja kimoja. Nacho hakikujaa.

Nikawa nafunga kitambaa changu daktari akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba sasa tuzikate. Ndiyo kanuni. Taa ikisema punje hii ni hai, unaipasua katikati, unaitia dawa ya rangi, kiini kikigeuka chekundu basi taa imesema kweli. Bila hivyo ni maneno matupu, hakuna atakayetuamini. Mimi mwenyewe nimekata maelfu, nina sugu ya wembe kidoleni.

"Kata zilizokufa," nikamwambia. "Zimo sufuriani tele."

"Zilizokufa pekee hazitoshi, madam. Lazima na zilizo hai. Hata nusu yake."

"Hukati hata moja."

"Mashine ni ya kituo. Muda ni wa kituo. Unaleta hasira kwa kazi."

Nikamwambia naam, nimeileta, na nitaondoka nayo. Nikamwambia kama anataka kujua taa yake inasema kweli au uongo, mama yangu alikuwa na njia ya kupima ya zamani zaidi, inaitwa kupanda. Nikatia kitambaa kwenye mkoba nikaufunga zipu. Akakuna kichwa, kisha akasema, "Sawa. Basi zikiota nipigie picha, nijue ngapi." Alikuwa na haki kuhusu kanuni, na alikuwa na haki ya kunifukuza kazi, na hakufanya hivyo. Hilo nalo lilinichukiza, maana nilikuwa nimejiandaa kwa vita na mtu ameweka silaha chini.

Tulizipanda siku ile ile kabla ya magharibi, nyumbani Munje. Sikupanda shambani. Nilizipanda nyuma ya jiko la vigae, mahali mama alipokuwa akimwaga majivu miaka yote, ambapo udongo ni mweusi na laini. Ardhi ya kando yake ilikuwa ngumu hata jembe linaruka. Kisima chetu kina chumvi, kwa hivyo ndugu yangu alichukua pikipiki akaenda kuteka maji bombani mbali, akarudi na mitungi imefungwa pande zote mbili. Alifanya hivyo siku hiyo na siku zote zilizofuata, alfajiri kabla ya kwenda kazini Diani na jioni akirudi. Mimi nilichukua likizo. Alikuwa akishusha mitungi, anasema shikamoo dada, mimi namwagilia. Dini inasema usimnunie ndugu yako zaidi ya siku tatu. Niliijua hiyo, nikaipita.

Alivumilia. Kisha jioni moja hakuvumilia. Nilikuwa nimemwambia, kwa mgongo, kwamba angalau maji ameyaleta ya baridi leo, si ya vuguvugu. Akautua mtungi kwa kishindo, maji yakaruka mpaka kwenye kanzu yake.

"Wewe unadhani ni mimi," akasema.

Nikageuka. Sikuwahi kumsikia na sauti ile.

"Miaka mingapi nimemwomba mama tubomoe lile jiko? Nilimwomba kwa kupiga magoti. Nilimwambia mama unakufa na huu moshi. Akakataa. Kila nikimwambia, ananiambia mbegu nitazitia wapi. Afadhali nikohoe, mbegu nitazitia wapi. Wewe ulikuwa Ukunda, hukuwa ukimsikia usiku." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Halafu akaja kwenu kuiona hiyo taa. Alirudi hapa jioni, hajavua hata viatu, akaniambia bomoa. Bomoa, mwanangu, moshi wa nini tena, dada yako ana taa, ameniambia hawezi kupoteza mbegu. Nikamuuliza nizitie wapi, akasema popote, taa itaziona. Mimi ni mpishi, dada. Kitu nisichotaka kiharibike nakitia kwenye pipa nakaza kifuniko. Sikuwa na wa kuniambia vingine, kwa sababu mama alishaniambia wewe unajua."

Nilikuwa nimeshika kopo la kumwagilia. Maji yaliendelea kutoka, yakafanya dimbwi kwenye mguu wangu.

Taa yangu haihifadhi kitu. Inaangalia tu. Itakwambia hii imekufa na hii i hai, basi, haijui kukausha wala kufukiza wala kumfukuza dumuzi. Mama alidhani kuona ni kulinda. Na kwa nini asidhani hivyo? Maisha yake yote, kitu alichokitazama kwa makini hakikuharibika. Nilitaka kumuuliza, mama, kwa nini hukuniuliza, ningekuja siku hiyo hiyo, ningekuletea mkebe, ningezianika mwenyewe kivulini. Nilikuwa na hasira na mama yangu, hasira ya kweli, ya moto, na yeye yuko kule kwenye mchanga na hakuna mlango wa kumgongea nigombane naye. Nilimtazama ndugu yangu amesimama pale na kanzu iliyolowa. Alikuwa amenyamaza na hilo siku zote hizo, nikimtukana mbele ya watu wa hitima, ili nisije nikalijua.

Alfajiri yake alileta mitungi akasema shikamoo dada. Nikamwambia marahaba.

Ziliota. Si zote, lakini nyingi ya zile taa ilizopaka nyekundu ziliota, nikampigia daktari picha kama nilivyoahidi, akanijibu kwa furaha yake ile ile. Tulizimwagilia mpaka masika ikaja ikazichukua. Nyani walichukua sehemu yao. Tulichovuna hakikutosha kumlisha mtu, kilitosha kuwa mbegu, na mwaka huu mdzihana umerudi kwenye kipande kidogo cha shamba la mama.

Ndugu yangu alijenga banda la makuti nyuma ya jiko la vigae, akarudisha uchaga, akayatafuta mafiga nyuma ya choo akayaosha. Hakuna anayepika mle. Jumamosi nikitoka kazini nakuja Munje, nakoka moto wa kuni za mkoko na makumbi ya nazi, nakaa kwenye kibao cha mama bila sufuria, na moshi unapanda juu kuyapiga mahindi. Nakaa mpaka kuni ziishe. Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye leza hana haja ya kukaa kwenye moshi, nami huwa nawaambia waje wanieleze ana kwa ana.

Kifua changu kimeanza kubana. Ndugu yangu akinisikia nakohoa hutoka, akasimama mlangoni mwa jiko lake jeupe na kitambaa begani, akanitazama, na hasemi kitu. Na asiseme.